Jibu Bila Njia

Nina kaunta buku moja nene ambayo jalada lake limebanduka mara mbili, na mara zote mbili nimelibandika upya mwenyewe. Ndani, kila ukurasa umepigwa mistari kwa rula na kalamu nyekundu zikatoka safu tatu: Tarehe, Ombi, Jibu. Mimi ni mhasibu, na mhasibu hata akipiga magoti anataka hesabu zifunge. Nilianza kuiandika nikiwa na miaka 26. Ombi likijibiwa niliandika NDIYO kwa herufi kubwa, likikataliwa, HAPANA. Mahali pengi palibaki wazi, na hapo ndipo nilipokuwa nikipitisha kidole usiku kama mtu anayekagua madeni ya wateja wagumu.

Tabia hii niliirithi. Baba yangu alifundisha hesabu miaka 34, na wanafunzi wake wote, sisi wanawe tukiwamo, tunamkumbuka kwa sentensi moja: jibu bila njia ni sufuri. Unaweza kuwa umepata jibu sahihi kabisa, lakini kama hukuonyesha njia alikuchapa mstari mwekundu na kukuandikia pembeni, "Umeliokota wapi?" Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo dunia nzima inavyosahihishwa. Nikaokoka, nikabatizwa, nikaingia kwaya, na kumbe kalamu nyekundu nilikuwa nimeingia nayo.

Sasa nieleze ile kazi.

Shirika moja kubwa lilitangaza nafasi iliyonizidi kimo kidogo. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili, nikaitwa tena, nikaitwa mara ya tatu. Nikafunga siku tatu. Siku ya mwisho ya mfungo nikamwomba Mungu ishara, kama Gideoni wa Biblia na ngozi yake ya kondoo: "Bwana, kama kazi hii ni yangu, simu iite kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa." Simu iliita Alhamisi jioni. Sauti ya upande wa pili ilisema wamependezwa nami na barua inaandaliwa. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Watu walipiga vigelegele, mzee mmoja akalia. Jumatatu nilipeleka barua ya kuacha kazi niliyokuwa nayo. Mchungaji wangu alikuwa amenishika mkono mlangoni baada ya ibada, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Barua yenyewe umeshaiona?" Nilimwona mtu wa imani haba.

Wiki ya tatu barua ilifika. Ilikuwa na mistari minne: bajeti imepunguzwa, nafasi imefutwa, wanashukuru, wananitakia mema. Nilirudi kwa mwajiri wa zamani kuomba kiti changu, nikakuta kimekaliwa na binti mwenye kasi kuliko mimi.

Usiku ule niliifungua Waamuzi 6 kwa hasira, kama mtu anayesoma mkataba kutafuta kipengele alichodhulumiwa. Nilichokikuta kiliniaibisha. Gideoni alikuwa ameshaambiwa aende. Neno lilikuwa limeshatoka, wazi, kabla ya ngozi; mwenyewe anakiri anapomwambia Mungu kwamba anataka kujua kama atawaokoa Israeli kama alivyosema. Ngozi yake ilikuwa fimbo ya mtu mwoga anayeegemea neno alilokwisha kupewa. Mimi niliitandika ili nipate neno ambalo sikupewa. Na kuna jambo la pili, dogo na la kuchekesha: Gideoni aliomba mara ya kwanza ngozi ilowe umande na ardhi iwe kavu, mara ya pili ardhi ilowe na ngozi iwe kavu, mambo ambayo usiku wa kawaida hauyatoi. Mimi niliomba simu kutoka kwa watu walioniita kwenye usaili mara tatu. Ngozi yangu niliianika penye umande.

Katika daftari niliandika HAPANA, nikakoleza mpaka karatasi ikatoboka.

Wiki mbili baadaye Baba aliamka asubuhi akashindwa kufunga kifungo cha shati. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wa kulia. Mama alikuwa ameshatutoka miaka sita nyuma, mdogo wangu wa kiume yuko mbali na ana watoto wadogo, na katika ukoo mzima mimi peke yangu sikuwa na bosi wa kuomba ruhusa. Nikafunga virago nikarudi nyumbani.

Hapa ndipo watu walipoanza kunisomea majibu. "Unaona sasa! Mungu alikunyima kazi ili uje umtunze mzee." Walisema kwa upendo, lakini yaliniudhi, na sioni aibu kusema mpaka leo yananiudhi kidogo. Je, Mungu alikuwa na njia moja tu ya kumpatia mzee mtu wa kumnawisha uso, nayo ni kufuta bajeti ya shirika zima? Na wale waliopata kazi zao, baba zao wakapooza hivyo hivyo, tuseme nini juu yao? Siku hizi naamini mkono wa Mungu ulikuwa katika jambo lile. Vidole sivihesabu. Sijui kipi kilifunga mlango gani, na nimeacha kumwambia mtu mwingine kwamba ninajua.

Miezi ile ya kwanza haikuwa na utakatifu wowote. Baba alikuwa mgonjwa mbishi, na mimi nilikuwa muuguzi mwenye kisirani. Alikataa kulishwa, nikamwachia kijiko, chakula kikaishia kifuani, nikafua shati, kesho yake tena. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini aufinye kwa mkono. Akautupa chini ya kitanda na kusema kwa ulimi mzito kwamba yeye si mtoto. Alitaka kalamu. Basi nikawa namwandikia hesabu za kujumlisha, naye anazifanya kwa mkono wa kushoto, tarakimu moja baada ya nyingine. Saba zake zilikuwa zinaanguka kifudifudi. Nane ilimchukua wiki nzima.

Jioni alitaka nimsomee Biblia, na kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu alichagua kitabu ambacho watu wengi hukiruka: Hesabu. Tulikwenda nacho pole pole, makabila na idadi zao, mpaka tukafika sura ya 9, penye habari ya wingu juu ya maskani. Nilikuwa nimeisikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini kuisoma kwa sauti kwa mtu asiyeweza kutembea ni jambo jingine. Wingu likiinuka, Waisraeli wanasafiri. Wingu likikaa, wanakaa. Na Biblia inajitaabisha kutaja muda: liwe limekaa siku mbili, au mwezi, au mwaka. Hakuna aliyepewa ratiba. Nikamfikiria mama mmoja wa kule jangwani, ametoka kufungua mizigo yake yote, amepanga vyungu, amelaza mtoto, halafu asubuhi anatoka nje ya hema na kuona wingu limeinuka. Halafu nikamfikiria mwingine aliyefunga mizigo kila Jumatatu kwa miezi kumi, akitazama juu, na wingu limetulia tu kama paa.

"Wale wa mwaka mzima," Baba aliniuliza, "walikuwa wanaongozwa au walikuwa hawaongozwi?"

Sikumjibu. Nilikuwa na miezi mitano bila kazi na nilijua anazungumza na nani.

Kuna mchana mmoja ninaoukumbuka kuliko yote. Nilikuwa nje naanika nguo. Niliporudi nilimkuta Baba ameketi dirishani, kaunta buku yangu iko mapajani, kalamu yangu nyekundu iko katika mkono wa kushoto. Nilihisi yale yaliyokuwa yakinipata nikiwa na miaka kumi, tumbo kushuka. Alikuwa amesahihisha kurasa tatu. Penye baadhi ya zile NDIYO aliweka vema ndogo iliyopinda. Penye nyingine aliandika "njia?" Na penye ile HAPANA iliyotoboa karatasi, kwa herufi zilizotawanyika kama sisimizi waliomwagiwa maji, alikuwa ameandika: "hatua, si jibu".

"Baba, hayo ni maombi yangu."

"Najua. Nimeyasoma." Akapumzika, wakati ule maneno yalimchosha kuliko mazoezi. "Unasahihisha karatasi ambayo haijakusanywa."

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani anaelewa. Mwanafunzi bado anaandika. Huwezi kumwendea nyuma ya bega na kumpigia kosa kwenye mstari wa pili, eti hajafika kwenye jibu. Lakini nilikuwa na hasira ya miezi mitano, nikamrudishia maneno yake mwenyewe.

"Si ulitufundisha jibu bila njia ni sufuri? Mimi namwomba Mungu anionyeshe njia. Nimekosa nini?"

Alicheka kwa nusu ya uso, nusu nyingine ikibaki imetulia. "Nilikuwa nadai njia kwa sababu watoto wananakiliana. Mungu amnakili nani?"

Jioni ile tuliacha Hesabu, tukafungua Warumi 11. Paulo amehangaika sura tatu nzima na swali gumu la Israeli, anafika mwisho, na badala ya kuonyesha njia anainua mikono: hukumu za Mungu hazichunguziki, "wala njia zake hazitafutikani". Nilikuwa nimeimba mstari huo kwenye kwaya kwa sauti ya pili bila kuusikia. Neno ni lile lile, njia. Mstari unaofuata unauliza ni nani aliyekuwa mshauri wake, yaani lile lile swali la mzee: amnakili nani?

Sitaki ionekane kama nilibadilika siku ile. Nilichobadilisha ni mtindo wa kuomba, na hata huo kwa kusuasua. Zamani nilikuwa naomba ramani. Nikijiuliza kwa nini, naona nilitaka ramani ili nisihitaji kuuliza tena. Mtu mwenye ramani anaweza kuagana na kiongozi wake kituo cha kwanza. Nikaanza kuomba vitu vya leo. Nguvu za leo. Ulimi wa upole leo, hasa asubuhi, maana asubuhi ndipo tulipogombana. Hayo hayakuingia kwenye daftari. Yalikuwa madogo mno, na majibu yake yalikuja kabla sijapata kalamu.

Kitu kingine kilichonipata katika kipindi hicho ni kuanguka kwa mstari nilioupenda. Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nilikuwa nao kwenye simu, kwenye kikombe, kwenye kadi nilizowapa watu. Sikuwa nimewahi kusoma mstari unaoutangulia, wa 10, unaosema mpaka miaka 70 itimie huko Babeli. Barua ile iliandikiwa watu waliohamishwa, na wengi waliosomewa wakiwa watu wazima walizikwa Babeli. Ahadi haikuwa ya uongo kwao. Ilikuwa ndefu kuliko maisha yao. Na kabla ya ahadi wameambiwa kazi ya kufanya: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, waombee amani ya mji waliochukuliwa kwenda. Nilisoma hilo nikainuka nikaenda kurekebisha bawaba ya mlango wa chumba cha Baba, ambayo ilikuwa inapiga kelele tangu nilipofika kwa sababu nilijiambia sitakaa sana.

Deni moja halikuwa ndani ya daftari, na kukaa pale kulinilazimisha kulitazama. Miaka michache nyuma, mdogo wangu alikuwa na karakana yake ndogo ya kuchomelea vyuma. Mimi niliona aibu, nilitaka aende chuo. Nikaota ndoto amevaa joho. Nikampigia simu: "Bwana amenionyesha." Akauza mashine yake ya kuchomelea, akasoma miaka miwili kitu asichokipenda, akashindwa, akarudi kuanza upya kama kibarua kwa mtu mwingine. Ndoto niliiota kweli, sikudanganya. Lakini niliiota baada ya kuitamani mwaka mzima, na moyo unaotamani sana hauhitaji malaika ili uote.

Alipokuja kumwona Baba nilimwomba msamaha. Alikaa kimya akichokonoa kucha, kisha akasema, "Dada, chuo hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba sikuweza kukubishia. Nikubishie wewe, nambishia Mungu?"

Amri ya tatu kati ya zile kumi, ya kutolitaja bure jina la Bwana, nilikuwa naielewa kama habari ya kuapa ovyo. Kutoka 20:7. Sasa nikiisoma naona karakana iliyofungwa. Nimejizuia tangu siku hiyo kutumia maneno "Bwana ameniambia" juu ya maisha ya mtu mwingine. Nasema naona, nadhani, ningependa, tuombe pamoja. Mitume wenyewe, baada ya Paulo kuona maono ya mtu wa Makedonia katika Matendo 16, wanazungumza kwa wingi: tuliona hakika. Mtu mmoja ameona maono usiku, lakini waliofikia uamuzi ni kundi. Na hata hapo safari iliyoongozwa na Roho iliishia na viboko na miguu ndani ya mkatale huko Filipi. Ningekuwa nao ningeandika HAPANA nyingine.

Zile siku za wodini, mwanzoni kabisa, nilisoma habari za Monika, mama yake Augustino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Nilimjua kwa jina tu. Mwaka 383 mwanawe, ambaye alikuwa ameiacha imani ya mama, alitaka kusafiri kutoka Karthago kwenda Roma. Mama alimng'ang'ania. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu mpaka merikebu iondoke, akamshawishi alale kwenye kikanisa cha Mtakatifu Sipriano karibu na bandari. Usiku kucha Monika aliomba kwa machozi jambo moja: mwanangu asiondoke. Asubuhi upepo ulikuwa umejaza tanga na pwani ilikuwa tupu.

Hebu fikiria daftari lake. Tarehe: usiku ule. Ombi: asisafiri. Jibu lake lilikuwa linaonekana kwa macho, maji matupu. Lakini Roma ilimfikisha Augustino Milano, Milano ikamkutanisha na askofu Ambrosi, na Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi akambatiza. Augustino mwenyewe aliandika baadaye, akimwambia Mungu, kwamba hakumpa mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akiomba siku zote. Monika aliliona hilo, kisha akafariki mwaka huo huo wa 387.

Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba uongo wa kijana unabaki kuwa uongo. Hakuna anayesema alifanya vizuri kumwacha mama yake bandarini. Upepo ulikuwa wa Mungu na dhambi ilikuwa ya Augustino, na vyote viwili vilisukuma merikebu moja. Hilo lilinipumzisha kuhusu pupa yangu ya kuacha kazi kabla ya barua, ambayo nimeacha kuiita imani.

Ningeishia hapa ungekuwa ushuhuda mzuri, watu wangepiga vigelegele tena. Kwenye chumba cha mazoezi, siku tatu kila wiki, tulikuwa tunakaa benchi moja na mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka 19 alikuwa amepata ajali ya barabarani. Baba na kijana walipeana majina ya utani. Sisi wawili tuliomba pamoja, mikono imeshikana, kwa maneno yale yale: Bwana, wainue. Yeye alikuwa mwombaji kuliko mimi. Alifunga kuliko mimi, na hakuwa amesahihisha mtu maishani mwake.

Baba sasa anatembea na fimbo. Kijana alipata homa ya mapafu katika mwezi wa nne, akafa Jumanne alfajiri.

Nilikwenda Matendo 12 nikakaa hapo siku nyingi. Herode anamwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, na Luka anatumia mstari mmoja tu. Kisha anamkamata Petro, kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anashuka, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe, na habari inachukua zaidi ya nusu ya sura. Luka haelezi. Hasemi Yakobo hakuombewa vya kutosha wala hasemi Petro alikuwa na kazi kubwa zaidi. Waebrania 11 ni hivyo hivyo: mstari wa 34 wapo waliookoka makali ya upanga, wa 37 wapo waliouawa kwa upanga, na wote wamewekwa kapu moja la imani. Habari ya Yusufu huwa inasimuliwa kila mahali, na ni nzuri, alikuwa na miaka 17 alipoota ndoto zake na 30 aliposimama mbele ya Farao. Lakini mama wa yule kijana hakuhitaji Yusufu. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba Yakobo naye alikuwa mikononi mwa Mungu yule yule.

Sikumwambia hata hilo. Nilikaa naye. Watu walikuja na kwenda, kila mmoja na sentensi yake kuhusu mpango wa Mungu, naye aliwaitikia wote kwa adabu. Walipotoka akaniegemea begani akasema, "Hawa wote wameleta maelezo. Wewe kaa tu."

Kazi nilipata, mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimezoea kuwasaidia ndugu za wagonjwa pale kwenye benchi kupanga risiti zao na kuelewa wanadaiwa nini, msimamizi wa kituo akaona, akaniuliza nimesomea nini. Ndipo nilipo mpaka leo, natunza hesabu za kituo hicho. Ukiisimulia haraka inaonekana kama uzi ulionyooka. Kwa kweli niliandika barua 23 za kuomba kazi kwingine na hii ndiyo iliyojibu, mshahara ni mdogo kuliko ule nilioacha, na ziko siku za mwisho wa mwezi ninapojikuta napiga hesabu ya ningekuwa wapi laiti ile bajeti isingepunguzwa. Nikimaliza hesabu hiyo huwa natazama nje ya dirisha langu, ambalo linatazamana na lile benchi, na hamu ya kupiga hesabu hunitoka bila mimi kuifukuza.

Miezi michache iliyopita yule mama alikuja kufunga faili la mwanawe. Lilikuwa limebaki wazi muda wote huo, na mimi nilijua, sikumwita. Tulimaliza karatasi, nikagonga mhuri, akabaki amekaa. Kisha akaniuliza kama bado ninalo lile daftari, maana nilikuwa nimemsimulia siku zile jinsi mzee alivyolisahihisha.

"Ninalo."

"Mwandike na mwanangu."

Nilisita. "Niandike ombi lipi?"

Alikunja risiti mara mbili, mara nne, akaiingiza kwenye mkoba. "Lile lile tuliloomba."

Nilipofika nyumbani niliandika. Tarehe nikaweka ya zamani, ya siku tuliyoshikana mikono kwa mara ya kwanza. Ombi nikaandika kwa maneno yake. Nikaliacha daftari mezani nikaenda kuchemsha maji. Niliporudi, Baba alikuwa amelifungua ukurasa ule. Alichukua kalamu nyekundu akaondoa kifuniko kwa meno, kama anavyofanya tangu augue. Akasoma ule mstari. Akausoma tena, midomo ikichezacheza kwenye jina la yule kijana, jina lake halisi ambalo hakuwahi kulitumia. Kisha akakirudisha kifuniko, kwa meno vile vile, akanisogezea daftari.